Jaji Aliyemtazama Mwenzake

Kwetu Liuli mtu hamwambii mtu mzima kosa lake usoni. Hiyo ni kazi ya mtani. Mtani wako anaweza kukusema msibani, mbele ya watu wote, kwamba wewe ni mchoyo, ukacheka, mkaendelea kula. Mwingine akisema maneno yale yale, mnakutana kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi Dorothy ni mtoto wa shangazi yake Hamphrey, mtani wake wa kuzaliwa, kwa hiyo yote nitakayosema juu yake nina ruhusa nayo. Akinuna, shauri yake.

Hamphrey alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la ushirika, na duka lilipofungwa yeye hakuhama. Mfanyabiashara aliyekuja kulipanga alimkuta pale pamoja na nguzo. Kwa miaka mingi kaptula zote nyeupe za ngoma ya mganda, za huku ziwani na za kule milimani, zilitoka mkononi mwake. Na mganda bila kaptula nyeupe iliyopigwa pasi si mganda. Wanaume wanajipanga mstari kama askari, stokingi zimevutwa hadi magotini, ngoma kubwa inapigwa, vibuyu vya kuvumia vinaitikia, na miguu yote inashuka pamoja. Ukishusha wako peke yako umewaaibisha wenzako na mama yako mzazi.

Binamu yangu alikuwa pia jaji mkuu wa mashindano ya mganda wilaya nzima ya Mbinga. Yaani alizipa alama kaptula alizozishona mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu, maana nani mwingine angezijua kama yeye? Alikuwa na ndoto moja tu, nayo aliizungumza hata na wateja waliokuja kutia kiraka: kuketi siku moja kiti cha jaji mkuu kule Songea, kwenye mashindano ya mkoa. Alijishonea suti ya kijivu ya safari hiyo. Kila mwaka aliitoa, akaipiga pasi, akangoja kuitwa, akairudisha sandukuni.

Halafu soko likafunguliwa, kama walivyosema redioni, na kwetu lilifunguka na marobota ya mitumba. Kaptula nyeupe za Ulaya zikamwagwa mnadani Mbamba Bay kwa bei ya vifungo. Vikundi vikaanza kuvaa kaptula za kila urefu, na stokingi zenye rangi za timu za mpira wasizozijua hata jina. Hamphrey akaniambia, "Binamu, nchi imevuliwa nguo ikavalishwa za marehemu." Nikamwambia nchi imevaa vizuri tu, aliyevuliwa ni yeye.

Kule juu nako wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na magari yao, kila mmoja akitaka kupendwa na wakulima kuliko mwenzake. Mmoja wao akatoa kombe la mganda, na pamoja na kombe, jora la kitambaa cheupe kwa mshindi. Kitambaa kipya, ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu. Hamphrey alilipapasa lile jora mbele ya watu bila haya. Lakini kombe lilikuja na sharti: majaji wawe watatu, mmoja wa ziwani, mmoja wa milimani, na mmoja mwanamke. Mwanamke nikawa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nilikuwa karibu. Wa milimani akawa Erasmo wa Maguu.

Erasmo alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, msomaji wa masomo kanisani kwao. Mganda hakuwahi kuucheza hata siku moja. Ila alikuwa na kipaji kimoja ambacho Hamphrey hakujaliwa. Mwaka wa kwanza wa kombe kikundi cha Tingi kilishindwa vibaya. Zamani Hamphrey angewaambia kama alivyozoea: "Mmecheza kama watu waliokanyaga siafu." Ilikuwa kweli kila mara, na kila mara tulirudi nyumbani tukitupiwa maneno, na mara moja mawe. Safari ile Erasmo alisimama yeye. Akawaambia Tingi, "Kichwa cha mstari wenu kinaijua njia. Mkia haukisikii. Mwekeni mpiga ngoma nyuma, mtaona." Tingi wakampigia makofi. Wiki iliyofuata wakamletea kuku.

"Aliyeshinda akileta kuku naelewa," Hamphrey alisema. "Aliyeshindwa akileta kuku, huyo amerogwa."

Alimwonea wivu. Sitamung'unya maneno. Alimwonea wivu wa sauti yake ndogo, wa kusikilizwa kwake, wa yule kuku. Na nyumbani kukawa kubaya zaidi, kwa sababu mke wake Emiliana ni Mmatengo wa Mbuji, kule milimani. Erasmo akishuka ziwani kwa shughuli za kombe anafikia kwao, na Emiliana anampokea kwa Kimatengo, wanacheka mambo ya kwao, na Hamphrey, ambaye Kimatengo chake kinaishia kwenye kuhesabu mafiga, anakaa katikati akigeuza shingo huku na huku. Siku moja Emiliana alimpakulia mgeni kichwa cha samaki mbasa. Kichwa cha mbasa ndani ya nyumba ile kilikuwa cha Hamphrey tangu harusi. Alinisimulia jambo hilo barabarani, mkono kiunoni, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Mimi nami roho iliniuma kwa namna yangu, na acha niseme. Tulikuwa majaji watatu. Mmoja alionewa wivu, mwingine aliona wivu, na mimi hakuna aliyeniona kuwa wa kuonewa chochote.

Mwaka wa tatu wa kombe akaja Ida. Alikuwa Afisa Utamaduni mpya wa wilaya, msichana wa Singida, ametoka semina moja anaingia nyingine. Alituita ofisini kwake Mbinga mjini, akatuamkia vizuri, akatupa soda, kisha akatueleza.

"Wazee wangu, na Mwalimu," alisema, "mdhamini anataka majaji wanaojifunza. Safari hii, baada ya mashindano, kila jaji ataandika tathmini ya mwenzake. Mambo mawili anayoyafanya vizuri, na moja la kuboresha. Siyo kubomoana. Tathmini ya kujenga."

"Kumjenga nani?" Hamphrey aliuliza.

"Kumjenga mwenzako, mzee."

"Mwenzangu ameshajengeka. Ana nyumba ya bati kule Maguu."

Erasmo akacheka kwa moyo mmoja. Hata hilo lilimchoma Hamphrey, kwa kuwa alikuwa amekusudia kuuma, siyo kuchekesha.

Ida akaendelea. Hamphrey angemwandika Erasmo, Erasmo angemwandika Hamphrey. Mimi ningewaandika wote wawili, na mimi angeniandika yeye mwenyewe Ida. Karatasi zingesomwa mbele ya wote. Na kwa tathmini hizo angeteuliwa mmoja wetu kwenda Songea kuwa jaji mkuu wa mashindano ya mkoa.

Nilimwona Hamphrey anaweka chupa ya soda chini taratibu. Nikajua amekwisha.

Alianza mazoezi ya kujenga siku ile ile aliporudi nyumbani. Emiliana ndiye aliyenihadithia. Alimletea ugali na usipa, dagaa wa ziwani, mume akanawa, akaonja, akakohoa. "Zuri la kwanza," akasema, "ugali una moto. Zuri la pili, umeiva. La kuboresha, usipa una mchanga." Emiliana akaiondoa sahani. "Zuri la kwanza," akamjibu, "jiko lipo. Zuri la pili, kuni zipo. La kuboresha, kapike."

Mashindano yalifanyika Mbamba Bay, uwanja ule ulio karibu na maji. Majaji tulikaa mbalimbali ili tusiibiane alama, kila mmoja na meza yake. Mimi nilikuwa upande wa kichwa cha mstari. Hamphrey na Erasmo walikaa kuelekeana, uwanja katikati yao. Laiti Ida angejua, angewapanga hata mgongo kwa mgongo.

Walicheza Maguu, wakacheza Tingi, wakacheza Mbuji. Mbuji walikuwa wazuri kweli kweli, kaptula zimelingana, na Emiliana alisimama pembeni akiwapigia vigelegele watu wa kwao bila kumjali mume wake jaji. Wa mwisho wakawa Liuli, kijiji chetu, wakiongozwa na kaputeni wao Damiano.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani, Hamphrey akiwa kijana, alikuwa yeye ndiye kichwa cha mstari wa Liuli, na begani pake alisimama rafiki yake Bernadi, baba wa huyu Damiano. Kijana Hamphrey alitunga hatua. Ngoma inapiga, miguu ya kushoto yote inabaki hewani, ngoma inapita, miguu bado iko juu, halafu inashuka pamoja, vidole kwanza, kama mtu anayeingia mtumbwini na kuungoja utulie kabla hajaweka uzito wake. Watu waliiita hatua ya mtumbwi. Walizunguka nayo ziwani na milimani, wakaombwa kuirudia kila walikokwenda. Kisha ikaja miaka ya kukosa kitambaa, kikundi kikavunjika, wazee wakazeeka. Vijana walipokianzisha tena, hakuna aliyeijua. Bernadi peke yake ndiye aliyeikumbuka, na alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, alimfundisha mwanawe kitandani, kwa vidole viwili juu ya blanketi.

Damiano na wenzake walikuwa wameifanyia mazoezi kwa siri, mbali na kijiji. Walitaka mzee aione akiwa kwenye kiti chake cha ujaji, bila kutarajia.

Ngoma ikapiga, miguu yote ya kushoto ikabaki hewani.

Wanaume wote wale, wamesimama kwa mguu mmoja, nyeupe juu ya ardhi nyekundu, na ngoma imeshawaacha. Halafu wakashuka pamoja. Bibi mmoja nyuma yangu alilia, "Mtumbwi! Mtumbwi!" na kelele ikawa kubwa. Nilisahau kuandika. Nikamtafuta Hamphrey kwa macho nione anavyoipokea heshima yake. Alikuwa amenyanyua shingo juu ya vichwa vya wachezaji, anaangalia ng'ambo, kalamu inakimbia juu ya karatasi. Nikadhani amezidiwa na hataki tumwone machozi. Nikamhurumia. Huruma yangu ile nataka nirudishiwe.

Ida akajumlisha alama. Mimi niliwapa Liuli za juu, Erasmo akawapa za juu kuliko zangu. Hamphrey aliwapa za chini kabisa. Mbuji wakatwaa kombe, Liuli wakawa wa pili kwa tofauti ndogo, na lile jora jeupe likabebwa begani kupelekwa milimani huku Emiliana akicheza nyuma yake.

Desturi yetu ni kwamba kaputeni wa kikundi kilichoshindwa huja kwa jaji aliyempa alama ndogo, kofia mkononi, kuuliza. Damiano alikuja. Mimi nilikuwa nimeshasogea kwa binamu yangu kutaka kumtania, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Tumekuja kujifunza. Tulikosea wapi?"

"Mguu," Hamphrey alisema bila kusita. "Mliuchelewesha. Ngoma imeshapita, ninyi hamjashusha. Nilisikia kwa masikio yangu."

Damiano alizungusha kofia mikononi. Alinitazama mimi, akamtazama tena mzee. "Baba mkubwa," akasema polepole, "ile siyo hatua yako?"

Mtu mwenye akili timamu angesema pale pale, mwanangu, sikuangalia, nisamehe. Lakini wivu ukishamkalia mtu kichwani, na kiburi huwa kimeletwa naye kama mdogo wake.

"Basi mliikosea," akasema.

"Tumesikia, baba mkubwa." Damiano akavaa kofia yake. Jioni ile Liuli walipanda boti wakarudi kwao, na sikusikia wakiimba.

Asubuhi tulikutana kwenye ofisi ya kata. Ida alikuwa amefurahi, ameandaa chai na mihogo. Akamwomba Erasmo aanze. Erasmo akasimama, akakunjua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ndogo inayowalazimisha watu wanyamaze.

"Jaji Hamphrey. Zuri la kwanza: anaijua kaptula kuliko sisi wote, anaona mkunjo uliopinda kutoka ng'ambo ya uwanja. Zuri la pili: jana kikundi cha kijiji chake kilicheza hatua aliyoitunga yeye mwenyewe, kwa heshima yake. Akawapunguzia alama ili mtu yeyote asiseme amependelea kwao. Ningekuwa mimi ningewapa zote. Sijawahi kuona ujaji wa namna hiyo. La kuboresha: awe mpole kidogo kwa watu wake, na kwake mwenyewe. Napendekeza yeye aende Songea."

Ida akapiga makofi. Mimi niliikodolea macho mihogo. Mtu niliyekuwa nimeketi naye bega kwa bega alikuwa anatoka jasho, na hapakuwa na joto. Nilimjua binamu yangu. Katika maisha yake alishawaonea wivu wengi, wenye kuku na wenye jora na wenye kupendwa na mke wake, lakini siku ile nadhani alimwonea wivu yule Hamphrey wa kwenye karatasi ya Erasmo kuliko wote.

"Mzee Hamphrey, zamu yako," Ida alisema.

Alisimama. Karatasi yake ilikuwa imejaa mbele na nyuma. "Jaji Erasmo," akasoma. "Zuri la kwanza: anawahi kufika. Zuri la pili: ana mwandiko mzuri." Akageuza karatasi. "La kuboresha: Liuli walipocheza, jaji huyu alitabasamu peke yake. Akaacha kalamu ikaanguka. Akatoa leso akafuta macho mara kwa mara. Jaji anayeonyesha..."

Hakumaliza. Aliishusha karatasi.

"Ulikuwa unalia nini?" akamuuliza.

Erasmo aliona haya, akacheka kidogo. "Mzee, mimi niliiona ile hatua nikiwa mtoto. Mlikuja Maguu kwenye harusi. Nilipanda ukuta wa kanisa ili nione vizuri. Kijana wa mbele alikuwa na kaptula imenyooka kama karatasi, na miguu ikabaki hewani, na mimi nikabaki kule juu mpaka mama akaja kunishusha na fimbo. Tangu hapo sikuwahi kuacha kuutazama mganda, ingawa miguu yangu mimi haifai. Jana nikaiona tena. Sikudhani nitaiona tena."

"Kijana wa mbele nilikuwa mimi."

"Najua, mzee. Waliponiletea habari ya ujaji sikutaka, nilikuwa na kahawa ya kuvuna. Wakanitajia kwamba jaji mwingine ni wewe."

Chai ilikuwa inapoa. Hamphrey aliikunja karatasi yake, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kipande cha sabuni.

"Jana," akasema, "mguu waliuinua kiasi gani?"

Ida akashangaa. "Si ulikuwepo, mzee?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa namwangalia huyu."

Nilimwona Erasmo anaelewa, kipande baada ya kipande, na nikaona jinsi alivyoinamisha macho ili mwenzake asione kwamba ameelewa.

"Wewe umeiona mara mbili," Hamphrey alimwambia, na sauti ilikuwa ya hasira kabisa. "Mara mbili! Mimi nilikuwa ndani ya mstari. Kichwa cha mstari haoni mstari, anaona ziwa tu mbele yake. Mimi niliyeitunga sijaiona hata mara moja." Akakaa. "Songea aende huyu. Andika, Afisa."

Ida akaandika. Karatasi yangu mimi haikusomwa kabisa, na ilikuwa nzuri.

Erasmo hakuwa na suti. Hamphrey akaitoa ile ya kijivu sandukuni, akamsimamisha barazani, akamjaza pini, akampunguzia mabega na urefu, akilalamika muda wote kwamba kitambaa kile hakikufumwa kwa ajili ya mtu mwembamba hivyo. Nilipomuuliza kwa nini basi anampa, alinijibu na uzi mdomoni kwamba hakutaka Songea waone jaji wa Mbinga amevaa mitumba. Erasmo akaenda. Tulisikia kwamba aliwaelezea walioshindwa, nao wakamshukuru. Habari ya kuku sikuuliza, ili binamu yangu apate usingizi.

Lakini kulikuwa na jambo lililombakia kifuani. Liuli walikuwa wameiacha ile hatua. Damiano aliwaambia wenzake kwamba mwenyewe ameikataa, na kama mwenyewe ameikataa, basi Bernadi aliikumbuka vibaya. Yaani hata marehemu alitiwa kosani.

Hamphrey alizunguka na neno hilo muda mrefu. Hatimaye siku moja, vijana wakiwa kwenye mazoezi, alifika amevaa kaptula yake nyeupe, amebeba kiti chake cha cherehani. Akakiweka mbele ya mstari kabisa, akaketi, mikono magotini. Mimi na Erasmo tulikuwa kwenye benchi pembeni. Erasmo alikuwa ameshuka kurudisha suti.

"Damiano," Hamphrey akasema. "Nichezeeni ile hatua. Niitazame."

Damiano aliwageukia wenzake, kisha akamgeukia mzee kwa heshima yote. "Baba mkubwa, ulisema tuliikosea. Hatutaki kukosea mbele yako tena. Tufundishe kwanza."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Hamphrey angesema nini? Aseme walikuwa sahihi? Hakuwaona. Aseme walikosea? Hakuwaona. Alikaa pale akiwatazama vijana, na mwisho akatutazama sisi kwenye benchi, mimi kwanza, halafu Erasmo, kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akavua viatu, akaenda kusimama kichwani mwa mstari, mahali pake pa zamani, uso kwa ziwa. Damiano akasogea begani pake, pale alipokuwa akisimama baba yake.

Ngoma ikapiga. Miguu ikabaki hewani. Kiti kilikuwa kitupu, na Erasmo, aliyepata bahati ile bila hata kuiomba, akaiona mara ya tatu. Safari hii hakutoa leso. Alikaa wima kama yuko kwenye meza yake ya ujaji.

"Erasmo!" Hamphrey akapaza sauti kutoka mstarini, bila kugeuka. "Wewe unayeiona! Iko sawa?"

Erasmo alinitazama mimi kwanza. Hakuwa mtani wake. Nikamwitikia kwa kichwa, sema.

"Kaptula iko vizuri, mzee," akasema. "Na mgongo umenyooka. Ila mguu wako unawahi. Wenzako wanaungoja mtumbwi, wewe huungoji."

Vijana wakasubiri mawe. Hamphrey akageuka polepole, jasho linamtiririka, akamtazama Erasmo kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni.

"Mara tatu ameiona," akamwambia Damiano. "Mara tatu, na bado ananifundisha."

Akageuka tena kwenye ziwa, akavuta kaptula yake vizuri, akamwashiria mpiga ngoma aanze upya.